Mjomba, binti yetu kaenda Italia kuchimba rupia?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mi niko Mikindani. Binti wa shangazi yangu anasoma chuo huko Italia na sa hizi ni likizo, yupo kwenye saiti wanachimba mambo ya kale ya watu wanaitwa Waetruski. Kila siku anatuma picha kapiga magoti kwenye shimo la mraba na mwiko wa fundi mkononi. Huku nyumbani babu kashatangaza mtaa mzima kwamba mtoto kapelekwa kutafuta mali, eti kama zile rupia za Wajerumani ambazo watu wanachimba usiku kuzitafuta huku kwetu. Hivi wanashinda wanafanya nini siku nzima, na kama ni dhahabu mbona hatumi hela?

JIBU: Marahaba mpwa. Hapo kwenye hela mwambie babu atulie tu, kwenye saiti nyingi za namna hiyo wanafunzi ndo wanalipa wao ili waruhusiwe kuchimba. Najua hataelewa, hata mi nilivyosikia mara ya kwanza nilicheka.

Waetruski walikaa Italia ya kati, Toscana na maeneo ya jirani, kabla Roma haijawa Roma tunayoisikia. Mji wao wa Veii ulitekwa na Waroma mwaka 396 KK na mingine ikafuata taratibu mpaka wakamezwa. Herufi zao zinasomeka maana walizichukua kwa Wagiriki, ila maneno mengi bado hayajajulikana maana yake, yaani unasoma vizuri kabisa afu huelewi.

Sasa hiyo siku yenyewe. Wanaamka mapema maana huku kwetu Juni na Julai ndo kibaridi lakini kule ndo jua la kupasua kichwa. Eneo limeshapimwa kwa tepu, vigingi na kamba, kila mtu na mraba wake. Sururu inatumika juu juu tu, wakishaona udongo umebadilika rangi wanaiweka pembeni wanashika mwiko na brashi. Mpwa wewe ni mtu wa kusini umewaona wanaochimba ming'oko, ile mizizi ya porini ya kula, ukipiga jembe kwa pupa unaukata umebaki na kipande, anaejua anafukua pole pole anafuata mzizi unapoelekea, basi ndo hivyo hivyo ila huyu binti anafuata rangi ya udongo. Udongo mweusi wenye majivu maana yake hapa pameungua, udongo mgumu uliokanyagwa ni sakafu. Kila tabaka linapewa namba, linapigwa picha, linachorwa kwenye daftari na kupimwa kina chake, ndo wanaruhusiwa kushuka. Udongo unaotoka unajazwa kwenye ndoo, toroli, mpaka kwenye chekeche, maana shanga na mfupa wa samaki hauvioni kwa macho shimoni. Mchana wakishakula wanakaa kivulini wanaosha vigae, yaani vipande vya vyungu na vya paa, kwa mswaki, huu wa meno, mamia ya vigae. Mi niliwahi kubeba ndoo siku mbili kwenye uchimbaji Kilwa Kisiwani na nakwambia kiuno kiliniuma wiki nzima, kitu cha maana nilichokiona ni shingo ya mtungi.

Vigae ndo mali yenyewe. Nyumba zao nyingi zilikuwa ukuta wa udongo na miti kama zetu za kukandika, juu wameezeka vigae, kwa hiyo ukuta unarudi kuwa udongo na paa linabaki. Pale Poggio Civitate, karibu na Siena, wanachimba tangu 1966, walikuta karakana iliyoungua karibu mwaka 600 KK. Vigae vibichi vya paa vilikuwa vimeanikwa chini vikauke, moto ukaja, watu wakakimbia wakavikanyaga, na nyayo zao zipo mpaka leo. Unaona kabisa mtu alivyotoka mbio. Sasa niambie ungevifukua usiku kwa tochi na jembe ungejuaje zile nyayo.

Dhahabu ipo, sisemi haipo. Mwaka 1964 kule Pyrgi, bandari ya zamani ya Waetruski, walipata mabamba matatu ya dhahabu, ila wataalamu wakashangilia maandishi, maana yalikuwa na habari inayofanana kwa Kietruski na kwa Kifoinike, lugha ya kale ambayo wao wanaielewa. Na wachimba usiku kama wetu wako huko pia, wanaitwa tombaroli. Kuna mtungi mkubwa uliochorwa na Euphronios, Mgiriki, hao tombaroli waliuchomoa kwenye kaburi la Waetruski huko Cerveteri mwaka 1971, ukauzwa kwa dola milioni moja kwa makumbusho moja ya New York, umerudi Italia 2008. Mtungi umerudi sawa, lakini uliwekwa upande gani wa maiti na ulikuwa na vitu gani pembeni, hayo hayarudi tena, na ndo hasa yule binti anayoyatafuta na mwiko wake.

Usimgombeze babu lakini, muulize tu hizo rupia nani aliwahi kuziona kwa macho yake.

SWALI: Mjomba mi niko Kilwa, nikilima shamba nakuta vigae vingine vina rangi inang'aa kama kioo, na shanga. Nivichukue nikauze?

JIBU: Usiuze, utakamatwa. Sheria ya mambo ya kale ipo tangu 1964 na ukiokota kitu cha hivyo unatakiwa utoe taarifa. Hivyo vinavyong'aa inawezekana vililetwa na majahazi kutoka Uajemi au China enzi za masultani wa Kilwa. Piga picha vikiwa hapo hapo chini, weka alama kwa kijiti, nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Na hicho kipande cha shamba usikilime kwanza, panda mihogo upande wa pili.