Kukimbia na saa, kukimbia na watu

Msimu wa mashindano ya shule ukikaribia, walimu wa michezo huku Kapchorwa, mlimani mashariki mwa Uganda, huniuliza swali lile lile: timu tuichague kwa muda wa mwanafunzi akikimbia peke yake, au kwa mbio za pamoja? Mimi nasema muda wa peke yake ni wa kumfundishia mtoto. Wa kumchagulia ni mbio.

Mwanafunzi anayekimbia mita 3,000 peke yake ana raundi saba na nusu. Mbili za mwanzo hazinipi habari yoyote, kila mtu huziweza. Macho yangu yako kwenye ya tano na ya sita. Hapo hana mgongo wa kuufuata wala wa kumkingia upepo, mwisho bado uko mbali, na kasi hupungua mwenyewe asijue. Kwa hiyo naandika muda wa kila raundi. Wawili wanaweza kumaliza kwa dakika zile zile, mmoja akiwa amekwenda sawasawa mpaka mwisho, mwenzake ameanza kwa pupa kisha akajikokota. Wiki inayofuata siwezi kuwapa mazoezi ya namna moja.

Kipimeni kwanza kiwanja chenu, maana raundi iliyopigwa chokaa kwa kukisia mara nyingi haifiki mita 400. Na muda wa huku mlimani msiulinganishe na wa Kampala, ambako ni mita 1,200 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi zaidi, na mbio ndefu zinakuwa nzito.

Sasa mbio zenyewe. Nimewahi kumfundisha binti ambaye kwa saa alikuwa wa kawaida kabisa, kuna wenzake waliomzidi waziwazi. Wakipangwa mstari mmoja, hakuna aliyemshinda. Alikuwa anasikiliza pumzi za watu. Alijua nani kachoka na nani anajificha, na alijua aondoke lini. Kipaji cha aina hiyo saa haikioni, na nasikitika kila nikifikiria wangapi wameachwa nyumbani kwa sababu ya karatasi ya muda.

Mtazameni Joshua Cheptegei, mtoto wa huku huku. Oktoba 2020 kule Valencia aliweka rekodi ya dunia ya mita 10,000, 26:11.00. Alikuwa na wakimbiaji wa kumwekea mwendo, na walipotoka akamalizia peke yake, taa za pembeni mwa njia zikimwonyesha kasi. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024 alipata dhahabu kwa 26:43.14, nyuma ya rekodi yake kwa zaidi ya nusu dakika. Waethiopia walikuwa wanaivuta mbio kwa zamu, yeye akavumilia ndani ya kundi mpaka mwishoni ndipo akatoka. Na uvumilivu huo alijifunza: mwaka 2017, kwenye mbio za nyika za dunia pale Kololo, Kampala, aliongoza mbele ya watu wa nyumbani, nguvu zikamwishia raundi ya mwisho, akamaliza wa 30. Miaka miwili baadaye, kule Aarhus, akazishinda mbio hizo hizo.

Shule ambayo haina mashindano mengi inaweza kufanya hivi. Wapime wote mmoja mmoja, siku isiyo na upepo, wakiwa wamepasha mwili vizuri. Wiki moja au mbili baadaye wakimbizeni pamoja, lakini mwenye muda mbaya aanze kwanza, na wengine waachiliwe mmoja mmoja kwa tofauti ya sekunde zao. Kwa hesabu wangefika mstarini pamoja, kwa hiyo wa mbele anakimbia akijua anawindwa, na wa nyuma ana watu wa kuwafikia. Mwalimu, usikae mstari wa mwisho siku hiyo. Simama upande wa pili wa kiwanja, uone nani anakaza mara anaposikia hatua nyuma yake, na nani anavunjika. Majina ya timu yaandike ukiwa hapo.