Muulize Fundi: Njiwa wamehamia nyuma ya kiyoyozi changu

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mpangaji wa ghorofa ya tatu, Ilazo. Tangu mwezi wa pili njiwa wamejenga nyuma ya boksi la nje la kiyoyozi, kwenye kile kijukwaa cha zege chini ya dirisha la watoto. Nguo nikianika nafua mara mbili. Nimetundika sidii kuukuu nane. Walikimbia siku nne, ya tano nikamkuta mmoja amejilaza kwenye kivuli cha sidii. Jirani ananiambia nimwage mtama wenye sumu ya panya. Mwenye nyumba anasema ndege si mali yake. Mama mkwe naye anasema njiwa ni baraka, nisiwaguse. Nifanyeje?
Mama wa watoto wawili, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na sumu maana hiyo haingoji: usimwage. Njiwa hafii pale alipokula. Anaruka, anaenda kuanguka kwenye tangi la mtu lisilo na mfuniko, au uani ambako watoto watamwokota na kumchoma. Na hapo mtaani wapo wanaofuga njiwa. Huyo wako huenda ana mwenyewe, na kesho huyo mwenyewe akabisha hodi mlangoni kwako.

Sidii sikucheki. Mimi nimekulia Bahi, juu ya dungu, nikiamia uwele wa bibi. Tulisimamisha sanamu ya matambara katikati ya shamba. Asubuhi ya kwanza kwelea kwelea wanaipita mbali, ya tatu wanatua begani kwake. Kilichowafukuza ni debe, kombeo na koo langu, kutwa nzima, na nikisinzia kidogo masuke yamebaki makapi. Ndege hukizoea kitu kisichomfanya lolote. Bundi wa plastiki, sidii, utepe unaometameta, vyote ni ndugu wa ile sanamu. Vya kutisha vinataka mtu wa kukaa navyo, na wewe huna kutwa ya kupiga debe kibarazani. Kwa hiyo tuzibe.

Ujue na kilichomleta. Asili ya njiwa hawa wa mjini ni majabali. Ghorofa kwake ni mwamba tu, na kijukwaa chako ni pango lenye kivuli, upepo wetu wa Julai haulifikii, paka hawezi kupanda. Ningekuwa njiwa ningelipa kodi.

Sasa, kabla ya kumwita fundi yeyote, chungulia kiota. Usitegemee kitu cha kupendeza. Njiwa ni fundi mbovu: vijiti vya mwarobaini, kipande cha waya wa kufungia nondo, mrija wa juisi, na kinyesi kimeshikilia vyote kama saruji. Kwa kawaida utakuta mayai mawili meupe. Yanaatamiwa siku 18 hivi, kisha makinda hukaa kiotani kama mwezi kabla ya kuruka. Ukikuta mayai tu, bila makinda, toa kila kitu na uzibe siku hiyo hiyo. Usipoziba, watataga mengine hapo hapo. Ukikuta makinda, subiri waruke, lakini uwe unachungulia kila siku chache, maana mama mtu hutaga tena hata kabla wa kwanza hawajaondoka, ukazunguka kwenye duara hilo mwaka mzima.

Nasisitiza hili kwa sababu nimelipia. Miaka kadhaa nyuma nilipewa kazi ya kuziba upenyo kati ya ukuta na fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, kwenye jengo moja la Area D. Nilipiga wavu kuzunguka paa lote kwa siku mbili, nikajisifu. Sikupanda darini kuangalia. Makinda yalikuwa ndani, mama zao nje, wanagonga wavu kwa midomo tangu alfajiri. Siku ya nne harufu ikashuka kupitia siling bodi. Nilirudi kufumua wavu wangu mwenyewe bila kulipwa, nikatoa maiti kwenye ndoo huku wapangaji wamesimama ngazini wananitazama. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Kusafisha: usifagie pakavu. Hapa Dodoma kinyesi hukauka kikawa unga, na kwenye unga wa kinyesi cha njiwa huweza kuwepo kuvu ambayo ukiivuta hukaa mapafuni. Kwa mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka inaweza kufika hadi kwenye ubongo. Funga dirisha la watoto, vaa barakoa na glovu, zima kiyoyozi, lowesha kwa maji ya sabuni mpaka kilainike, kisha kwangua na ufunge kwenye mfuko. Usimruhusu mtu asimame juu ya boksi la kiyoyozi, hata kama ni mwembamba. Ghorofa ya tatu fundi avae mkanda wa usalama.

Kuziba: mwambie fundi wa mageti akutengenezee fremu nyepesi ya kufunika kijukwaa chote, yenye wavu wa waya wa matundu yasiyozidi sentimita 5. Njiwa hapiti hapo. Shomoro atapita, wa kumzuia yeye ni wa sentimita 2, lakini wavu mdogo hivyo mbele ya feni hushika vumbi, na kiyoyozi kikikosa hewa utanilaumu mimi. Fremu ikae mbali kidogo na feni, iwe na bawaba na komeo ili fundi wa kiyoyozi apate kuingia. Wavu uvutwe ukaze. Ukilegea, ndege hunasa mguu, na utamkuta ananing'inia mbele ya watoto.

Kwa kingo nyembamba za juu ya madirisha, ambako wanatua tu, weka mteremko wa nyuzi 45: ukingo wa sentimita 15 unataka kimo cha sentimita 15 upande wa ukutani. Mafundi wengi watakimbilia saruji. Kataa. Kila mita moja utakuwa umelipachika jengo kilo 20 na zaidi. Bati tambarare lililokunjwa linatosha.

Gundi ya kunasia achana nayo, inanasa hata ndege wadogo wasio na kosa, na kwa vumbi letu wiki mbili tu imeshakuwa sakafu. Miiba ya chuma inasaidia mahali pa kutua, si mahali palipokwisha kujengwa kiota. Mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi walieleza viota vya ndege wa jamii ya kunguru vilivyojengwa kwa miiba hiyo hiyo. Kimoja, cha Antwerp huko Ubelgiji, kilikuwa na takriban miiba 1,500.

Mwenye nyumba anasema kweli, ndege si mali yake. Kijukwaa je? Mpandishe juu kabla ya mvua za Desemba akaone magata, na kama jengo linakinga maji ya mvua, mwonyeshe bomba linaingia tangi gani. Mama mkwe mwambie njiwa hawauawi, wanahamishwa.

SWALI: Mbayuwayu wamejenga kiota cha tope kwenye kona ya baraza, kinyesi kinadondokea viti. Tukibomoe?
Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Waache. Chakula chao ni wadudu wanaoruka, wanakufanyia kazi ya bure. Piga ubao wa upana wa sentimita 25 chini ya kiota, ukipokee kinyesi, na uufute kila Jumamosi. Ila uushushe nusu mita hivi, tena mbali na nguzo. Wa kwangu niliuweka kiganja kimoja tu chini ya kiota, paka akaufanya kiti.