Mjumbe Hauawi: Maswali Yenu Kuhusu Sensa ya Oksijeni

Maswali mengi yaliyonifikia yanaanzia pamoja: taa ya injini imewaka, fundi kapima kwa mashine, kasema sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi, ibadilishwe. Kabla hujatoa hela muulize: umeipima sensa yenyewe, au umesoma msimbo wa hitilafu tu?

Mashine imetoa P0171, fundi anasema sensa imekufa. Ninunue nyingine?

Usinunue bado. P0171 maana yake hewa ni nyingi mno kwa mafuta yaliyopo. Aliyetoa taarifa hiyo ni sensa, na mara nyingi inasema kweli. Mjumbe hauawi. Tafuta kwanza mpira wa hewa uliopasuka, gasketi inayovuja ya manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini), pampu ya mafuta iliyochoka au nozeli zilizoziba.

Kama mashine inaonyesha data injini ikiwa inaunguruma, tazama asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza. Ikiwa juu gari likiwa limesimama, kisha ikashuka ukikanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, kuna hewa inayopenya mahali. Ikizidi kupanda kadiri injini inavyobeba mzigo, geukia mfumo wa mafuta.

Chunguza na ekzosi. Ikitoboka kabla ya sensa huvuta hewa ya nje, na sensa huisoma kama ya injini. Injini inayomisi huleta tatizo hilohilo, kwa kuwa oksijeni ya silinda isiyowaka hutoka bila kutumika.

Langu limetoa P0135. Nalo ni hivyo hivyo?

Hapana, huu unahusu umeme wa hita ya sensa ya mbele. Sensa haisomi vizuri mpaka ifikie joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi, ndiyo maana imewekewa hita ndani. Anza na fyuzi. Ikiwa nzima, chomoa soketi na upime kwa maltimita (kipima umeme) nyaya mbili za hita upande wa sensa, ambazo kwa kawaida zina rangi moja. Hita nzima husoma omu chache tu ikiwa baridi. Maltimita isiposoma kitu, hita imekatika na hapo sensa ni ya kubadilisha kweli. Ikisoma vizuri, hakikisha volti 12 zinafika kwenye soketi ya upande wa gari, kisha fuata nyaya kwa macho hadi mwisho: zinapita jirani na ekzosi, na plastiki yake huyeyuka.

Sensa nzima inasomaje?

Ile ya kawaida ya mbele, injini ikishapata joto, huruka kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kutulia. Ikiganda karibu na 0.45, ama haijapata joto ama haifanyi kazi. Ijaribu: chomoa mpira mdogo wa vakyumu, volti zishuke, urudishe, kisha kanyaga mafuta ghafla, zipande. Ikifuata haraka, iache ilipo.

Angalizo: magari mengi ya kisasa yana sensa ya uwiano wa hewa na mafuta, ambayo hairuki namna hiyo. Ukiipima kwa kipimo hiki utatupa kitu kizima. Sensa ya nyuma nayo inatakiwa itulie. Ikianza kurukaruka kama ya mbele, mashaka yako yaende kwenye masega, yaani kichujio cha ekzosi kinachosafisha moshi.

Naweza kuiosha kwa petroli?

Usifanye hivyo. Masizi mepesi huungua yenyewe sensa ikipata moto, na iliyoharibiwa na silikoni au madini ya risasi haiponi kwa kuoshwa. Gundi ya gasketi isiyo salama kwa sensa huua hata mpya.

Nimepima, imekufa kweli. Nabadilishaje?

Hakikisha ni ipi. Benki 1 ni upande wenye silinda namba 1. Sensa 1 iko kabla ya masega, sensa 2 baada yake. Acha ekzosi ipoe mpaka iwe vuguvugu, maana ikiwa baridi kabisa nati hukaza. Spana ya milimita 22 hufaa nyingi. Sensa mpya mara nyingi huja na grisi kwenye nyuzi zake za kufungia. Ukiongeza, isiguse ncha. Funga, futa msimbo, endesha gari, kisha soma tena ile asilimia ya mafuta. Ikibaki juu kama mwanzo, rudi kwenye mipira na gasketi.