Kukusanya kumbukumbu za shule ya wasichana: anza na sanduku, mwalimu atafuata

Shule nyingi za wasichana za Magharibi na Nyanza, nchini Kenya, zimefikia umri wa kuandikiwa kitabu. Kamati inaundwa, grupu la WhatsApp linafunguliwa, na kabla wiki haijaisha watu mia wameandika kwamba Madam fulani alikuwa mkali lakini alitupenda. Hapo ndipo kazi huharibika. Maneno hayo yanamfaa mwalimu yeyote kutoka Nakuru hadi Busia, na mjukuu wake akiyasoma hatamtambua nyanya yake.

Dawa ni kuuliza vitu, si sifa. Anza na sanduku la chuma. Lilinunuliwa wapi, lilipakwa rangi gani, jina liliandikwa na nani, na ndani mlikuwa na nini siku ya kwanza? Mwache anayesimulia ahesabu: blanketi, shuka mbili, ndoo, sabuni ya mche, kufuli. Kufuli likitajwa, uliza ufunguo ulikaa wapi. Wengi wataonyesha shingoni kwa kidole kabla hawajajibu, na kutoka hapo utasikia habari za wizi wa sukari, za kiranja aliyekuwa na ufunguo wa ziada, na za matroni aliyepekua masanduku. Hukumuuliza kuhusu matroni, lakini sasa unaye, na ana mikono na macho.

Kisha mpe karatasi na penseli achore bweni. Mlango, madirisha, safu za vitanda vya deka, na kitanda chake. Nani alilala juu, nani chini, nani karibu na mlango? Mtu aliyekuambia hakumbuki jina hata moja atajaza majina saba au manane akichora, kwa sababu anayatembelea kitanda kwa kitanda. Fanya vivyo hivyo na bwalo na njia ya kwenda mtoni au kwenye tangi. Usimsahihishe mchoro ukienda kombo. Andika tarehe na jina lake nyuma ya karatasi uuhifadhi kama ulivyo.

Habari za mwalimu nazo ziulizwe kwa mwili wake. Badala ya "Mwalimu wa hesabu alikuwaje?", uliza: alisimama upande gani wa ubao? Chaki iliyobaki kidogo aliifanyia nini? Alijua jina lako mwezi wa ngapi? Ukikutwa huna daftari, alianza na nini, akafuata na nini? Majibu yatatofautiana, na tofauti hizo ndizo utamu wa kitabu. Uliza pia kile kidude alichovalishwa aliyenaswa akiongea lugha ya mama: kilitengenezwa kwa nini, kilikabidhiwaje, na jioni kilimwendea nani. Andika jina walilokiita wao.

Majina ya utani ya walimu yanataka uangalifu. Jina moja linaweza kupitishwa kutoka mwalimu hadi mwalimu, hasa la wale wenye kutembea kimyakimya wakati wa prepu, masomo ya jioni. Kila jina la utani liandikwe na somo, miaka na bweni alilosimamia, la sivyo utaunganisha watu wawili. Ukimtembelea mwalimu mstaafu, jina hilo usilitamke wewe. Mwite Mwalimu, au Sista kama ni mtawa, na usiende mikono mitupu: majani ya chai na kilo mbili za sukari zinatosha. Mara nyingi jina lake la utani atalitaja mwenyewe, huku akicheka.

Sasa tarehe. Usimuulize mtu "ilikuwa mwaka gani" ukaishia hapo, maana kumbukumbu hazihifadhiwi kwa kalenda. Uliza alifanya mtihani gani. Aliyefanya KAPE, mtihani wa Waafrika, alimaliza shule ya msingi enzi za mkoloni. CPE, nayo ya kumaliza msingi, ilitangulia KCPE iliyoanza 1985. EACE, ya sekondari ya Afrika Mashariki, ni ya kabla KNEC, baraza la mitihani la Kenya, haijaundwa mwaka 1980. KCSE ya kwanza, ya kidato cha nne, ilifanywa 1989, na huo ndio mwaka ambao kidato cha sita kilifunga. Kwa hiyo anayesema alikuwa kidato cha tano mwaka 1992 ana kumbukumbu sahihi na mwaka usio sahihi. Kuna pengo jingine linalosaidia sana: mwaka 1985 darasa la saba walisogezwa la nane badala ya kwenda sekondari, hivyo kundi la kwanza la 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu) liliingia kidato cha kwanza 1986. Mtu akikwambia aliripoti kidato cha kwanza Januari 1985, muulize tena taratibu.

Vigingi vingine vya kushikia tarehe ni matukio ya nchi. Kuuawa kwa Tom Mboya tarehe 5 Julai 1969, na Oktoba mwaka huohuo vurugu za Kisumu Rais Jomo Kenyatta alipokwenda kufungua hospitali. Kifo cha Kenyatta Agosti 1978. Jaribio la mapinduzi, Jumapili tarehe 1 Agosti 1982. Uliza alikuwa wapi habari zilipomfikia na alikuwa darasa gani. Ugali wa unga wa manjano huelekeza ukame wa 1984, ila mahindi hayo yaliingia nchini zaidi ya mara moja, basi usiyategemee peke yake. Maziwa ya Nyayo, yaliyogawiwa wanafunzi bure, yalianza 1979 na yalikuwa ya shule za msingi. Yakitajwa katika habari za kidato cha pili, mama huyo amechanganya shule mbili. Viboko vilipigwa marufuku 2001, na ni vyema kujua kama anayesimulia alisoma kabla au baada.

Kupata watu ni kugumu kuliko kupata habari, na sababu kubwa ni ndoa. Mfano ulio wazi ni Grace Ogot, mwandishi, aliyesoma Ng'iya kisha Butere. Aliolewa na mwanahistoria Bethwell Ogot mwaka 1959. Ukimsaka Ogot kwenye rejista ya siku zake za shule humwoni. Alikuwa Grace Akinyi. Na akina Akinyi, Atieno na Achieng' katika darasa moja la Nyanza wanaweza kuwa watano, kama vile Nekesa na Nafula upande wa Bungoma, kwa kuwa majina hayo yanafuata saa au msimu wa kuzaliwa. Kwa hiyo kila mtu awe na mistari minne: jina la ubatizo, jina la nyumbani, jina la baba, jina la ndoa. Ongeza kijiji alikotoka. "Nyar Alego", yaani binti wa Alego, mara nyingine hufungua mlango ambao jina kamili limeshindwa kuufungua. Matangazo ya vifo magazetini husaidia mno, kwa sababu hutaja binti wa nani na mke wa nani kwa pamoja.

Wala usiwatafute waliofaulu peke yao. Orodha ya watahiniwa wa kidato cha nne haina aliyefukuzwa kwa ujauzito, aliyekosa karo muhula wa pili, wala aliyesimamishwa baada ya mgomo. Hao wamo kwenye rejista ya kuandikishwa, si kwenye ile ya matokeo. Linganisha rejista hizo mbili, aliyemo katika ya kwanza na asiyemo katika ya pili ndiye wa kutafutwa kwanza. Kitabu kisicho nao ni tangazo la shule tu.

Grupu la WhatsApp litumie kupata namba za simu, si kukusanya habari. Mmoja akiandika kwamba bweni liliungua 1976, ishirini watakubali, na wale waliokumbuka 1974 watanyamaza. Zungumza na kila mtu peke yake kwanza, ndipo uwakutanishe watatu au wanne wabishane.

Kurekodi: nenda asubuhi. Kakamega na Vihiga mvua hupenda kunyesha alasiri, na chini ya mabati hakuna simu itakayosikia sauti ya mtu. Weka simu kwenye hali ya ndege, maana simu ikipigwa katikati rekodi inaweza kukatika bila wewe kujua. Iweke juu ya leso iliyokunjwa, si juu ya meza tupu, kwa sababu kila kikombe kitakachowekwa mezani kitasikika kama ngoma. Umbali wa kama sentimita 40 kutoka mdomoni unatosha. Omba redio izimwe. Rekodi dakika moja, sikiliza, ndipo uanze, na maneno ya kwanza yawe jina lake, mahali na tarehe. Saa moja ya MP3 ya kawaida ni kama megabaiti 60. Ya WAV ni zaidi ya 300, basi angalia nafasi kabla ya kutoka nyumbani. Jina la faili lianze na mwaka, kisha mwezi na siku, ili zijipange zenyewe. Kuandika saa moja ya mazungumzo huchukua saa nne hadi sita, na zaidi akichanganya Kiswahili, Kiingereza na Kiluhya au Kijaluo. Usimtafsirie ndani ya maandishi. Acha alivyosema, tafsiri ije chini.

Picha za zamani usizing'oe kwenye albamu zenye kurasa za gundi, zitachanika uso. Zipige zikiwa humohumo, karibu na dirisha lisilopigwa na jua, bila flashi, simu ikiwa sambamba na ukurasa. Zilizo huru zipigwe mbele na nyuma, kwani nyuma ndipo ulipo muhuri wa studio na wakati mwingine majina. Ukiwa na skana, dpi 600 kwa picha ndogo. Mtu akikutumia kwa WhatsApp, mwambie aitume kama dokumenti. Ikitumwa kama picha hubanwa, na uso wa mtu wa safu ya nyuma haurudi tena.

Maandishi ya kulinganishia yako mbali na karibu. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ina ofisi Kakamega, Kisumu na Nakuru. Shule zilizoanzishwa na CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, kama Butere na Ng'iya, nyaraka za wamisionari wake ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Kwa shule za watawa, uliza nyumba ya shirika kama wana kitabu cha matukio ya kila siku. Walimu wa kujitolea kutoka Marekani na Uingereza waliofundisha huku kuanzia miaka ya 1960 waliandika barua kwao, na barua husema uji ulikuwaje Jumanne fulani.

Yatakuja mazito pia: mwalimu aliyewasumbua wasichana, kipigo kilichomuumiza mtu. Zima kinasa ukiombwa. Usichapishe jina la anayetuhumiwa kwa neno la mtu mmoja, na usimlazimishe aliyesimulia kusema zaidi. Kila mzungumzaji atie sahihi karatasi ya ukurasa mmoja, katika lugha anayoisoma, yenye ruhusa tatu tofauti: jina, picha, sauti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa, na haki ya kuiondoa. Kabla ya kuchapa, msomee sehemu yake.

Kwa mchapishaji: kijitabu cha kubanwa pini lazima idadi ya kurasa igawanyike kwa nne, na kikizidi kurasa 64 hivi omba gundi, la sivyo kitafunuka chenyewe mezani. Rekodi ziwekwe mahali patatu: diski ya kamati, maktaba ya shule, na nakala kwa familia ya kila aliyezungumza.