Vitabu vya rejea vya kuanzia katika maktaba ya shule

Mwalimu mwenzangu wa Mikindani, nimekuelewa: umekabidhiwa maktaba ya sekondari bila kusomea ukutubi, fedha ni chache, na unauliza ununue kwanza vitabu gani vya rejea.

Anza na kamusi. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa), iliyotoka mwaka 2015, itakufaa sana, ingawa Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), ambayo toleo lake la kwanza ni la 1981, bado naitumia kila siku hapa Lindi. Ongeza kamusi ya Kiingereza na Kiswahili.

Kwenye atlasi uwe mwangalifu, kwa maana nimewahi kuuziwa iliyopitwa na wakati ikiwa na jalada linalong'aa. Kabla ya kulipa, fungua ramani ya Tanzania: isipoonyesha mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, iliyoanzishwa 2012, pamoja na Songwe ya 2016, irudishe. Sudan Kusini, iliyojitenga 2011, nayo iwepo.

Kwa upangaji, mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba kufuatana na mada, hutosha: lugha huwekwa kwenye 400, historia na jiografia kwenye 900. Vitabu vya rejea vibandikwe alama yake na visiazimwe. Kimoja nilichomkopesha mwenzangu "kwa usiku mmoja" hakijarudi. Rafu zisiguse ukuta, kwa sababu ya unyevu wa pwani na mchwa.

Ukirithi vitabu vingi vya zamani, usivitupe kwa uamuzi wako pekee, kwani ni mali ya shule; mshirikishe mkuu wa shule na uombe ushauri wa mkutubi wa maktaba ya mkoa.