Picha ya vita niliyoiposti mimi mwenyewe imenirudia na jina jingine

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja anayefuatilia peji yangu kanitumia picha inboksi, kaniuliza, "Bro hii kweli? Wanasema ni El Fasher, Sudan." Nikaifungua nikiwa kwenye daladala ya Mbezi, mikono ikaishiwa nguvu. Kwenye kona ya chini kuna jina la peji yangu. Nililiweka mwenyewe, herufi nyeupe, Januari 2025, na wakati ule niliandika kwamba ni Goma, mashariki mwa Kongo.

Hii stori sijawahi kuiandika. Naiandika leo kwa sababu najua wengi mnaonifuata mnataka nilichokitaka mimi, peji ikue, watu wakuamini, siku moja redio ikupigie simu wewe. Na mimi walinipigia, ndo maana inaniuma hivi.

Waasi wa M23 waliingia Goma tarehe 27 Januari. Mnakumbuka hapa Dar ilivyokuwa, Wakongo wa Kariakoo simu za kwao hazishiki, kila mtu anatafuta chochote kinachotoka kule. Usiku nikakutana na picha kwenye grupu. Barabara ya lami, watu wamelala wamefunikwa mashuka, na katikati kandambili moja ya bluu imebaki peke yake. Ile kandambili ndo iliyonimaliza. Sikuangalia kingine chochote, nikaweka jina la peji, nikaandika GOMA SASA HIVI, nikaposti, haikufika hata dakika tatu. Asubuhi naamka viu laki mbili na ushee, afu redio moja, siitaji, inaniomba nichangie kwenye kipindi kesho yake.

Jioni yake yule dada wa saluni, frem ya mbele hapa tunapopanga Sinza, akaniita. Yeye kwao Goma. Hakunisalimia, kachukua simu yake, kaikuza ile picha kwa vidole viwili, kaisogeza juu ya wale watu mpaka kwenye duka lililoko nyuma. Kuna kibao. Kimeandikwa kwa herufi za Kihabeshi, zilezile unazoziona kwenye migahawa ya Waethiopia. Akaniambia, "Kaka, hii haiko Goma." Yani picha ilikuwa ya vita ya Ethiopia, vile vya Tigray, miaka kadhaa nyuma. Afu akaniambia kwamba usiku kucha, kabla hajakiona kibao, alikuwa anaikuza anaangalia miguu iliyotokeza kwenye mashuka, mmoja mmoja, anatafuta ya mama yake.

Na sikuifuta siku ile. Niliifuta siku ya pili baada ya kipindi kuisha. Hapo ndo kosa langu lilipo, lile la kwanza naweza kusema ni haraka, la pili nilijua. Wale wa redio walipogundua walinisema mbele ya watu kama tapeli, wakati na wao waliichukua bila kuniuliza swali hata moja.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusoma sana habari za picha za vita. Ile ya mpiga picha wa Kisovieti Yevgeny Khaldei, askari wa Kisovieti wanasimamisha bendera juu ya Reichstag, jengo la bunge la Ujerumani, Berlin, ilipigwa tarehe 2 Mei 1945, mapigano pale yameshaisha. Bendera alikuja nayo mpiga picha mwenyewe, imeshonwa kwa kitambaa cha meza. Baadae ikaonekana askari mmoja amevaa saa mikono yote miwili, watu wangeweza kudhani moja ni ya wizi, basi moja ikakwanguliwa, na moshi ukaongezwa. Wanajeshi ni wa kweli, Berlin ni ya kweli, ushindi wa kweli. Lakini umeonyeshwa kile walichotaka ukione, na hilo ndo la kushika.

Usidhani ni mambo ya Ulaya tu. Pita pale Posta kwenye Sanamu ya Askari, afu tafuta picha za Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa mpiga picha hapahapa Dar. Askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani wamenyooka, vifungo vinang'aa. Ujerumani ilipopoteza makoloni, picha na stori za askari mtiifu zilitumika kule kuwaambia watu kwamba Waafrika walikuwa wanawapenda, warudishiwe. Hakuna aliyezighushi. Wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, wa Wajerumani na wa Waingereza, ndo hawapo kwenye fremu. Sisi wametuachia jina tu, Kariakoo, kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, na tunalitaja kila siku tukienda kununua vitenge.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujaposti kuza picha. Angalia vibao, namba za magari, gari linapita upande gani, Kongo wanaendesha kulia. Ipitishe Google Lens, inakutafutia ilikoonekana zamani, bando haliishi kwa hilo. Na ukishaona imekutoa machozi hapohapo, ndo uikuze tena, maana aliyekutumia alijua itakutoa machozi. Mnaniambia tukisubiri wenzetu watawahi. Waache wawahi! Kuna mtu upande wa pili anatafuta miguu ya mama yake, wewe unahesabu viu. Tuache jamani, vita ya watu sio mtaji.

Yule mdogo wangu nilimjibu kwamba picha ni ya kweli ila sio El Fasher wala Goma, na aliyeandika Goma ni mimi. Dada wa saluni alishahama, mama yake alipatikana mzima, nilisikia kwa majirani tu. Mpaka jana usiku nimeziandikia peji kumi na moja zinazoizungusha, nne zimefuta. Ukiiona mahali, ina kandambili ya bluu na jina langu kwenye kona, nitumie linki.