Mnaoandika lupu bila nukuu, njooni hapa kidogo

Juzi nimemkuta kijana wetu mpya kwenye seva, kashaandika lupu, yaani amri inayojirudia kwa kila faili: `for f in $(ls)` (`ls` ndiyo inayoorodhesha mafaili), kidole kinaelea juu ya Enter. Nikamdaka mkono kama mtoto anayekaribia jiko la mkaa. Nawapenda, lakini mnanizeesha. Haya, sikilizeni.

1. Tanguliza `echo` mbele ya amri (itaiandika tu kwenye skrini bila kuitenda), tazama itakachofanya, ndipo uiondoe hiyo `echo`.

2. Kigeuzi, lile jina lenye `$` linalobeba faili la zamu, kifungwe nukuu: `"$f"`. Hapa nina kidonda, yakhe. Mwaka wangu wa kwanza kazini Pemba, data zetu zilikaa kwenye folda nne za wilaya: Wete, Micheweni, Chake Chake, Mkoani. Kando ya kila moja pana nakala kuukuu: `Wete zamani`, `Mkoani zamani`, na wenzake. Diski ikajaa, nikaambiwa niondoe za zamani. Kwa ujuba wangu nikaandika:

`for d in $(ls | grep zamani); do rm -rf $d; done`

Yaani: kila jina lenye neno `zamani`, lifute (`rm -rf`) bila kuuliza.

Nikaenda zangu kuswali laasiri.

Sheli, programu inayopokea amri, haijui jina la mtu, inajua nafasi tupu kati ya maneno. `Wete zamani` ikaikata vipande viwili: ikafuta `Wete`, folda hai, kisha ikaitafuta `zamani`, isiione, na `-f` ikafunga mdomo. Hata onyo moja! Narudi, za zamani zote zimekaa, zinanitazama, mpya hazipo. Nikapiga `ls` mara tatu, huenda ni macho. Kilichotusitiri ni zile zile nilizotumwa kuziua. Miezi iliyopungua tuliijaza upya kwa mkono kutoka kwenye makaratasi, na chai nilinunua mie.

Chake Chake peke yake ilisalimika. Ilikatwa `Chake`, `Chake`, `zamani`, na folda ya jina `Chake` tupu haikuwepo.

Siku hizi naandika `for d in *zamani; do rm -rf -- "$d"; done`; nyota ni kila jina linaloishia `zamani`, likiwa zima. Na nukuu zile si mapambo, hata ukitumia nyota.

3. `while read` (lupu inayosoma orodha mstari kwa mstari) yenye `ssh` ndani (amri ya kuingia mashine nyingine), andika `ssh -n`, la sivyo `ssh` itameza orodha yote na lupu itaishia mashine ya kwanza.

4. `while true` (lupu isiyokoma) bila `sleep` ya kuipumzisha: kaiulizeni feni ya seva.

Wenzangu wa Wete mpaka leo hawaniamini. Wanasema nilichagua. Maana kwetu ni Chake.